Globu Kwenye Pindo la Kanga

Enzi za Mwingereza mume wangu alikuwaga anaendesha lori la pamba kutoka Bunda hadi Musoma, na taa za nje zilikuwa kazi yangu. Watu walisema mwanamke hafungui taa za gari. Niliwaacha waseme. Globu ya akiba niliifunga kwenye pindo la kanga, pale wanawake wenzangu walipofunga senti zao.

Asubuhi moja, pale Bweri, askari wa barabarani alitusimamisha. Taa ya breki ilikuwa imeungua. Alimfokea mume wangu, kisha akanigeukia mimi: "Na wewe mama, kaa kimya humo ndani!"

Nikashuka. Nilifungua kifuniko cha taa kwa bisibisi, nikachomoa globu iliyoungua, halafu nikaanza kufungua fundo la kanga. Askari alipoliona lile fundo, sauti ikamlainika ghafla.

"Sasa tunaelewana, mama," akasema, na kiganja kilikuwa kimeshafunguka mbele yangu.

Nikamwekea globu iliyoungua.

"Nishikie hiyo," nikamwambia, "nifunge nzima."

Akanishikia mpaka nilipomaliza.