Mkalimani Asiyetaja Jina

Cibalonza aliitambua sauti ile ya kwenye simu hata kabla haijamaliza salamu.

"Bon, mama, unanisikia muzuri?"

Ombeni! Yuleyule aliyewasimamia ndoa kule Louisville, mwalimu wa kwaya, rafiki wa kufa na kuzikana wa mumewe, Nshombo. Leo ni mkalimani wa simu, eti hana jina, ana namba tu. Wala hakusema kwamba anawajua. Loo, watu wana roho ngumu!

Msuluhishi wa mahakama, mama wa Kizungu mwenye subira aliyeketi mbele yake, alikuwa amemwondoa Nshombo kwenye skrini kwa muda. Nshombo alikuwa ameketi garini, nje ya mahali pake pa kazi huko Columbus, kwa maneno yake mwenyewe. Talaka walikwisha kukubaliana. Lililobaki ni Chimène, mtoto wa miaka minane: ahamie kwa baba yake, au abaki Buffalo na mama.

"Anauliza kama kuna kitu unaogopa kwa baba wa mtoto," Ombeni akatafsiri. "Anasema haitatoka humu."

Haitatoka humu! Cibalonza nusura acheke. Aseme lile la Louisville, siku Nshombo alipomfungia mtoto nje kwenye theluji bila viatu, kisa kamwaga maziwa? Nshombo atalipata lote kwa Ombeni leo leo. Na asiposema, Chimène anakwenda.

"Mama Chimène," Ombeni akaongeza kwa sauti ya chini, na hilo msuluhishi hakulisema, "fikiri muzuri. Mambo ya nyumba yenu usiyatoe inje."

Hapo hofu ikageuka hasira. Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani Tonawanda, maneno machache wanayokaririshwa wafanyakazi kabla ya kugusa mashine. Akamtazama yule mama machoni.

"Simamisha," alisema kwa Kiingereza. "Hatari. Mtoto, hapana salama. Mtu wa simu, rafiki ya baba."

Msuluhishi akakata simu palepale. Leo hakuna kusaini, alisema polepole ili aeleweke. Suala litakwenda kwa hakimu, na mkalimani atakuwa mwingine.

Cibalonza akashusha pumzi. Alipotoka tu hadi kwenye korido, ujumbe wa Nshombo ukaingia kwenye simu yake.

"Kumbe umejua kusema. Chimène anatoka shule saa tisa, si ndiyo?"

Ombeni kashamwambia! Na, Mungu wangu, lile gari! Kwamba liko Columbus alisema mwenyewe tu, nani aliona? Je, kama liko hapa hapa Buffalo? Saa ya ukutani ilionyesha tisa kasoro dakika kumi. Cibalonza akaacha koti lake pale pale akakimbia.