Fundi wa Mashua na Ngumi za Anyango

Pale ufukweni ambapo wavuvi huvuta mashua zao nchi kavu, kuna kimya ambacho mgeni hawezi kukitambua. Wenyeji wanakijua. Kwa miaka thelathini na minne nyundo ya Joram Owiti ilianza kugonga kabla jua halijapanda, na akina mama wa samaki waliipanga asubuhi yao kwa mlio ule. Ikigonga, kumekucha, ikinyamaza, fundi anakunywa chai. Sasa haigongi. Mashua moja imesimama juu ya magogo, mbavu nje kama ng'ombe wa kiangazi, na kuku wanataga ndani yake. Aliyeiagiza hupita mara moja moja, huichungulia, kisha huuliza, "Kwani fundi alienda wapi?"

Wanaomjibu hucheka kwanza.

"Alienda kutengeneza vitu vya watoto."

"Vitu gani?"

"Vya kushika tu, yawa. Vya kushika."

Mambo yalianza mwezi wa Januari, siku ya Jumanne, juma moja kabla ya masomo kuanza Chuo Kikuu cha Maseno. Debra, binti wa Joram, alikuwa amebakiza semista moja amalize chuo. Angekuwa amekwisha maliza, ila mwanawe Anyango alizaliwa njiti, wa miezi saba, mdogo kiasi cha kutoshea katika kiganja na bado nafasi ikabaki. Wiki saba mtoto alilala katika chumba cha joto hospitalini, na kila siku walimtafuta mshipa mikononi, leo wa kulia, kesho wa kushoto. Alipona. Alitoka na mapafu mazima na macho mazuri ya kuchunguza kila kitu, lakini alitoka na ngumi. Alizifunga zote mbili, dole gumba ndani, na miezi tisa ilipotimia hakuwa amezifungua kwa mtu yeyote isipokuwa mama yake, tena usingizini.

Hakushika kijiko. Hakushika chupa. Mkono wa mtu mwingine ukimgusa alipiga yowe hadi majirani wakatoka nje. Wasichana wawili wa kazi waliondoka, wa pili bila hata kudai nauli. Kituo cha kulea watoto hapo Manyatta, mtaa walikoishi, kilimrudisha kabla ya chakula cha mchana. Debra alikuwa amekwisha ahirisha masomo mara moja, na moyoni alijua kwamba akiahirisha tena hatarudi. Ataanza kuuza kitu, siku zitakwenda, na vitabu vitageuka vya kuwashia jiko.

Ndiyo maana Joram, ambaye mkewe alifariki Debra akiwa kidato cha pili, alifunga randa, tezo na patasi ndani ya gunia akahamia chumba cha binti yake Manyatta. "Jumatatu unaenda chuo," alimwambia. "Mimi nitakaa na mtoto."

"Baba, hata hujawahi kumbeba bila shali."

Hilo lilikuwa kweli. Joram alimbeba mjukuu wake daima akiwa amefungwa ndani ya shali laini, mikono yake isimguse. Viganja vyake vilikuwa vimekauka kwa msumeno na maji ya ziwa, vina sugu kama miguu ya jogoo mzee, na aliona haya kuviweka juu ya ngozi ile. Wanaume wengi hukaa mbali na watoto wao kwa sababu kama hiyo, wala hawaisemi, na watoto wanakua wakidhani hawakutakwa.

Siku hiyo ya Jumanne walikwenda kliniki. Dada mmoja aitwaye Maryanne, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto kutumia mikono, alimtazama Anyango kwa muda mrefu bila kumgusa.

"Huyu amejifunza kwamba kinachomgusa kinachoma," alisema. "Mmtengenezee vitu nyumbani. Vya kugusa, vya kusikia, vya kutazama. Si lazima ununue. Jaribu hiki, jaribu kile, uone ni kipi kitamfanya asahau kuogopa. Na Mzee, kitu chochote kinachopita kwenye lile bomba la katikati ya karatasi ya choo, usimpe. Atakimeza."

Joram aliuliza maswali kumi na mawili. Debra alimwonea aibu. Lakini walipotoka, alishangaa kumwona baba yake anatembea haraka kuliko yeye, kofia imeinamia nyuma, akijisemesha. Fundi alikuwa amepewa oda.

Jioni ile ile alipitia kwa Wachira, mfanyabiashara kutoka Nyeri mwenye duka la vifaa vya ujenzi mkabala na nyumba ya Debra. Alichukua msasa wa kila namba.

"Mzee Owiti, unajenga meli?"

"Najenga kelele ya mtoto."

"Hiyo si huwa wanazaliwa nayo?"

Usiku haujaingia, alikuwa amemaliza kayamba ya chupa yenye mahindi na maharagwe, kifuniko kimekazwa kwa gundi na waya. Aliitikisa mara moja tu. Anyango alilia mpaka akakosa pumzi. Mahindi yakatolewa, yakachemshwa, yakaliwa.

Jumatano alichonga samaki. Ngege kamili, mwenye mapezi, wa kutosha mkono wa mtoto. Alimpiga msasa mkali, kisha wa kati, kisha ule mwembamba kama karatasi ya sigara, kisha akampaka mafuta ya simsim na kumsugua kwa kitambaa mpaka nzi akitua aliteleza. Alitaka kumtia rangi ya buluu iliyobaki kwenye mashua ya mwisho, na ni Wachira aliyemzuia.

"Wewe! Hiyo rangi inaua hata konokono wa ziwa, na mtoto anatia kila kitu mdomoni."

"Kwani nani alikuuliza?"

"Hakuna. Lakini nimekuambia."

Samaki akabaki bila rangi, na alikuwa mzuri kiasi kwamba mama wa nyumba ya pili alitaka kumnunua. Anyango alimtazama mara moja, akaficha ngumi zote mbili kifuani.

Alhamisi Joram alitengeneza chupa ya maji na mafuta, ndani yake vipande vya karatasi inayong'aa, akaketi chini na kuiviringisha polepole mbele ya mtoto. Vipande vilipanda, vikashuka, vikageuka. Macho ya Anyango yakavifuata. Yakavifuata kwenda na kurudi! Joram alimwita Debra kwa sauti ya mtu aliyeona mamba.

"Anaangalia! Njoo, anaangalia!"

"Baba, macho yake hayajawahi kuwa na shida."

"Lakini anaangalia cha kwangu!"

Alicheka peke yake hadi usiku. Ila ngumi hazikufunguka, na Ijumaa ikapita na mpira wa mbao, na pete ya mbao, na kijiko cha mbao, vyote laini kama sabuni iliyolowa. Kila kimoja Anyango alikigeuzia bega. Ijumaa jioni Debra alikunja nguo alizokuwa amezipanga za kuvaa chuoni, akazirudisha ndani ya sanduku. Joram alimwona, akauokota tena msasa.

Jumamosi mchana jua lilikuwa kali. Debra alikuwa nyuma anafua. Anyango alikaa juu ya mkeka uani, ameegemezwa mto, na Joram kando yake alikuwa anapiga msasa mpira ule kwa mara nyingine, kwa sababu alihisi bado una mahali fulani panakwaruza. Jogoo wa jirani akaruka ukuta. Mtoto akashtuka, akayumba, akaanza kuangukia upande wa saruji.

Joram hakukumbuka shali. Aliutupa mpira, akamdaka kwa mikono mitupu, kwa nguvu, kama anavyodaka ubao unaoteleza, akambana kifuani. Kisha akafumba macho akisubiri yowe.

Yowe halikuja.

Alipofumbua, ngumi moja ilikuwa imekaa ndani ya kiganja chake. Ikatulia hapo. Kidole kimoja kikatoka, cha mwisho, chembamba kama njiti ya kiberiti. Kikagusa sugu iliyo chini ya kidole chake cha shahada, kikasimama, kikaikwaruza. Kikatoka cha pili. Anyango aliinamisha kichwa kama mtu anayesoma maandishi madogo. Vidole vyote vitano vikafunguka juu ya kiganja cha fundi, vikaanza kukikwaruza huku na huku, na mdomo wa mtoto ukadondosha mate kwa kuzama katika kazi.

"Debra," alisema Joram kwa sauti ndogo. Kisha, kwa sauti iliyofika barabarani: "Debra! Debra nyara, binti yangu, njoo!"

Debra alikuja na povu hadi viwikoni. Wachira naye alivuka barabara mbio, nyundo mkononi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa! Angalia mkono! Mtoto amefungua mkono!"

Wote watatu waliinama juu ya kiganja kile kama watu wanaoangalia kisima. Debra alipiga magoti kwenye mkeka. Wachira aliivua kofia yake.

"Laini!" Joram alipiga kelele. "Wiki nzima nimempa laini! Mimi na msasa wangu! Miaka yote hii mteja akija anapitisha mkono kwenye mbao, akisikia kitu kinakwaruza anasema fundi huyu ni mvivu. Kumbe huyu hataki mashua. Anataka gome!"

Debra alimpigia Maryanne simu hapo hapo, na Maryanne akacheka kwa furaha. Kuna watoto, alisema, ambao mguso mwepesi unawasumbua kama nzi usoni, na mguso mzito unawatuliza. Mlichokuwa mnafanya kwa shali ni kumtekenya. Mpeni kinachokwaruza, mmshike sawasawa, na yeye ndiye aongoze.

Tangu saa ile hadi Jumapili jioni uani kwa Debra hapakuwa na mtu aliyekaa. Joram alisuka kamba ya katani, akaifunga fundo kubwa kama ngumi ya mtu mzima, akaichemsha, akashona ncha zake kwa uzi wa nyavu ili lisitoke hata unyuzi mmoja. Wachira alileta mkeka wa kufutia miguu mlangoni, mpya, akaukata mwenyewe huku akilalamika kwamba anaharibu mali. Mama wa nyumba ya pili alileta dodoki. Debra akatoa suruali ya jinzi iliyochanika na kipande cha gunia. Joram akavipanga vyote juu ya ubao mmoja, akavishonea na kuvipigilia upande wa nyuma, na kingo tu ndizo alizozipiga msasa. Kwingine mikono ilimwasha kulainisha. Mara mbili Wachira alimnyang'anya msasa.

"Mzee, acha! Utaharibu ubaya wake!"

Anyango aliwekwa mbele ya ubao ule. Alianza na gunia. Akaenda kwenye dodoki, akarudi kwenye gunia. Alipofika kwenye kipande cha mkeka wa mlangoni alikipiga kofi, kwa mkono uliofunguka, akasikia mlio wake, akapiga tena. Kisha akalikumbatia fundo la katani kwa mikono miwili, akaling'ata, akawatazama wote kama mwenye nyumba anayetazama wageni.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu, Debra alisimama mlangoni na mkoba begani. Nguo alikuwa amezitoa tena kwenye sanduku. Anyango alimwona akiondoka, akaanza kulia. Debra alitoka nje, akafunga mlango, akabaki amesimama upande wa pili, mgongo ukutani. Kijana wa bodaboda alikuwa anamngoja.

"Madam, tunaenda ama hatuendi?"

"Ngoja kidogo."

Ndani mtoto alilia. Joram hakumbembeleza kwa maneno mengi. Alimshika kwa viganja vyote viwili, mgongo mzima na kifua kizima, akambana kidogo, akamlegeza, akambana tena. Kilio kikapanda. Kikakatika kupata pumzi, kikapanda tena, kifupi zaidi. Kisha kwikwi. Kisha Debra, huko nje, akasikia kofi dogo likipigwa juu ya mkeka. La pili. La tatu.

"Bado uko hapo?" Joram aliuliza kupitia mlango.

"Niko, Baba."

"Unangoja nini? Nenda!"

Alikwenda. Saa saba mchana alipiga simu akiwa kwenye foleni ya usajili, sikio moja limezibwa kwa kidole kwa ajili ya kelele.

"Amekula?"

"Ameshika kijiko!" Joram alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba wanafunzi waliokuwa mbele waligeuka. "Nimekizungushia kamba kwenye mpini, akakishika! Debra, amekishika mwenyewe! Amenimwagia uji usoni! Uko kwenye nyusi!"

Debra alicheka hadi akalia, na karani akalazimika kuliita jina lake mara mbili.

Semista ile iliisha, Debra akamaliza chuo, na alipopata kazi ya kufundisha Joram hakurudi ufukweni. Kliniki ilikuwa imemtumia mama mmoja mwenye mtoto wa ngumi, kisha mama mwingine mwenye mtoto asiyetaka kukanyaga chini, na kila mmoja alihitaji ubao wake, kwa kuwa hakuna wawili wanaotaka ukwaruzo uleule. Aliyeagiza mashua alitumiwa ujumbe achukue mbao zake, ila bado hajazichukua.

Joram Owiti yuko Manyatta, nyumba ya tatu kutoka bomba la maji. Jumatano huwa kliniki kwa Maryanne. Siku nyingine yuko uani, na Anyango, sasa wa miaka miwili na nusu, humpimia kila ubao kwa viganja vilivyofunguka.