Tangi la Matumbawe la Babu

Wiki iliyopita nilikwenda Kizingo kung'olewa jino. Pale pa kungojea wameweka tangi la samaki, na hata sijaketi ikanijia ile harufu: chumvi, mwani, na kitu kama chaza aliyesahauliwa juani. Pampu ilikuwa ikigugumia. Wagonjwa wenzangu waliwatazama samaki wakatulia. Mimi nilihamia kiti cha mbali, na haikuwa kwa kuogopa koleo la daktari.

Tangi letu lilikuwa ukumbini, chini ya ngazi, katika nyumba ya babu huko Mji wa Kale. Babu alikuwa fundi wa winchi bandarini, na alipostaafu hakutaka kushinda barazani akiwahesabu wapita njia. Alijitengenezea bahari yake. Aligandisha vioo, akatia maji ya chumvi, mawe na matumbawe yaliyo hai: mengine ya zambarau, mengine ya kijani kama embe bichi, na moja kubwa lililofunguka mchana kama kiganja cha mtu anayeomba dua. Samaki walikuwa wachache. Aliwalisha mara moja tu, baada ya Alasiri, kamba waliosagwa, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole. Nikimsihi aongeze alicheka. "Kidogo, mjukuu wangu. Hawa hawakualikwa harusi."

Babu alipofariki, wanawe waligombana hata majamvi ya matanga hayajakunjwa. Ami Salim, mdogo wake baba, alitaka nyumba iuzwe ahamie penye nafasi ya kuegesha gari. Baba alisema haiuzwi maadamu yeye yu hai. Mbele ya watu waliokuja kusoma hitima, ami akamwambia baba kwamba ndiye aliyemuua mzee kwa ukaidi wake. Baba akamwita mwizi wa maiti. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Sisi tulikaa juu, ami na mkewe wakakaa chini, nami, niliyekuwa darasa la nne, nikawa simu yao.

"Mwambie amiyo afunge mlango polepole," baba angesema.

"Mwambie babayo mlango ni wangu," ami angejibu.

Nilizipanda na kuzishuka ngazi zile hadi nikajifunza kuyalainisha maneno njiani. Tusi lililotoka juu likifika chini lilikuwa limeshakuwa ombi. Hakuna aliyenishukuru.

Tangi ndilo pekee ambalo halikuwa la juu wala la chini, na kila mmoja alitaka ionekane kwamba yeye ndiye aliyemjali mzee. Baba aliwalisha samaki alfajiri akirudi msikitini. Ami aliwalisha jioni akirudi Shimanzi, kwenye ghala alikofanya kazi. Hawakutumia ncha za vidole kama babu. Walitupa konzi nzima, kama wanaorusha mchele kwa njiwa.

Mwani ulianzia pembeni, ukoga wa kijani tu. Kisha ukaota nywele. Ukafunika mawe, ukafunika kioo, ukayakalia matumbawe usoni. Ukumbi ukanuka. Baba alisema mke wa ami ndiye aliyemwagia humo maji ya kufulia. Ami akasema baba amelitilia sumu makusudi ili wa chini washindwe kukaa. Mke wa ami, ambaye hata halitazami tangi, alipanda nusu ya ngazi akautukana ukoo wetu mzima, mumewe akiwemo.

Dada yao mkubwa, Shangazi Mwanaisha, alikuwa mwalimu wa kemia huko Malindi. Alikuja na kisanduku kidogo. Alichota maji ya tangi kwenye kichupa, akatia matone ya dawa, akakitikisa.

"Yakipata buluu kidogo tu, ni mazuri," aliniambia. "Yakikolea, fosfeti imezidi."

Yaligeuka buluu kama wino.

"Fosfeti ni kitu gani, shangazi?"

"Imo chakulani. Samaki akibakisha, chakula kinaozea majini, na mwani unajilia kama mbolea. Nani awalishaye hawa?"

"Baba alfajiri," nilisema. "Ami jioni."

Shangazi aliwaita wote wawili. Walisimama kila mmoja upande wake wa tangi, kioo kichafu kikiwa kati yao.

"Mwani huu mmeupanda wenyewe," shangazi aliwaambia. "Kila mmoja aliwalisha kana kwamba mwenziwe hayupo."

"Mwambie aache," ami alisema, akinitazama mimi.

"Aanze yeye," baba akasema, naye akinitazama mimi.

Shangazi alipiga kioo kwa kiganja hadi samaki wakakimbilia mawe. "Msimtume mtoto! Nisemesheni mimi!"

Waliendelea kunitazama mimi. Shangazi aliamua kwamba samaki nitawalisha mimi, kwa kipimo cha babu. Kisha akatoa pakiti ya chengachenga za rangi ya kutu, zinazonyonya fosfeti. Zilipaswa kutiwa kwenye soksi ya kitambaa na kuzamishwa nyuma ya tangi, penye chujio. "Kidogo kidogo," alionya. "Hata matumbawe yahitaji fosfeti kiasi. Mkiyanyang'anya ghafla yatakufa." Pakiti akamkabidhi baba, kwa kuwa kati ya wale wawili ndiye mkubwa. Ami alilisoma jina lililoandikwa pakitini, akageuka akaingia chumbani mwake.

Haikuchukua muda, zile nywele za kijani zikanyauka. Maji yakawa maangavu hata samaki wakaonekana wanaelea hewani. Nilifurahi nikamwita mama ashuke aone. Lakini matumbawe ya zambarau yakaanza kupauka, kisha ya kijani, na lile kubwa likajikunja lisifunguke tena. Nyama ikabanduka vipande vipande, yakabaki mifupa myeupe.

Shangazi aliporudi, maji ya kichupani hayakugeuka hata chembe: fosfeti ilikuwa imekwisha kabisa. Aliingiza mkono nyuma ya tangi akatoa soksi iliyovimba. Akaingiza tena, akatoa nyingine, nono kuliko ya kwanza. Akaziweka sakafuni, zikichuruzika maji mekundu.

"Umemuua mara ya pili," ami alimwambia baba. Ndiyo maneno ya kwanza aliyomwelekezea tangu hitima.

Baba alimsukuma. Ami akamkaba. Majirani waliingia kuwaamua, na katika makelele yale niliwasikia wote wawili wakiapa kwa Mungu kwamba hawakujua kuna soksi nyingine.

Samaki waliosalia tuliwatia ndooni, mimi na shangazi, tukawapeleka baharini, Mbaraki. Aliingia majini na buibui lake hadi magotini, akawamwaga. Tangi lilivunjwa. Mahali pake ukajengwa ukuta wa matofali, chini mpaka juu, na nyumba ikawa mbili. Haijauzwa hadi leo. Hakuna anayenunua nyumba yenye nusu ya ukumbi.

Kwa miaka mingi niliwahurumia. Nilijiambia kwamba hawakujua, kwamba neno moja lingetosha. Mwaka jana baba aliugua, na siku moja nikimnywesha uji nikamuuliza juu ya zile soksi.

"Yake niliiona," alisema. "Nilipotia yangu, siku ya pili nikaikuta yake kando. Na yangu aliiona, kwani alikuwa ameisogeza."

"Mbona hukuitoa yako, baba?"

Alinitazama kana kwamba ningali darasa la nne.

"Angetoa yake yeye."

Nilimfuta mdomo, nikamfunika miguu. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia ami akikohoa. Sikwenda kumuuliza.