Mikono Iliyojifunza Kulegeza

Nisikilize kidogo, msomaji wangu. Juzi alizikwa mzee wa mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale, aliyefunga shehena melini Kilindini tangu ujanani hadi alipostaafu. Wanaume waliorudi kutoka makaburini walikuwa wakisifu nguvu zake. Mimi nilikaa na mjane wake, nikikumbuka kitambaa kimoja cha meza.

Mwaka jana mzee huyo alibisha mlangoni kwangu na mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kroshia ambacho mkewe alikiacha nusu macho yalipomwisha nuru. Alikuwa akimfumia mjukuu wao, na harusi ilikuwa imekaribia. “Hajui kama nimekichukua,” alininong’oneza. “Nifundishe, Bi Mwalimu, nikimalize.” Nikampa uzi mwingine wa kujifunzia na sindano, ile yenye kulabu nchani, nikamwonyesha: fanya kitanzi, ingiza kulabu, vuta uzi upite ndani yake, umepata kitanzi cha pili. Akavuta. Kitanzi kikakaza hata kulabu ikakataa kuingia tena. Akafumua, akavuta, kikakaza. Wiki mbili tukawa pale pale, na wenzake wa barazani hawakumwacha: “Bwana, meli ya nani waifunga leo?” Naye akiwajibu, “Yako, usije ukazama!”

Siku moja aliiweka sindano chini. “Maisha yangu yote, kamba ikilegea mtu hufa. Nimemwona mmoja. Leo waniambia nilegeze?” Hapo ndipo nilipojua kosa langu. Nilidhani nina mwanafunzi mwenye vidole vizito, kumbe nina fundi aliyefundishwa kazi nyingine barabara. Nikaacha kumwambia asikaze. Nikamwambia, “Uzi huu haushiki mzigo, baba. Kila kitanzi ni mlango. Uache wazi, mwenzake yuko njiani.” Akacheka. Jioni hiyo mnyororo wake wa kwanza wa vitanzi ukatoka, umepinda, lakini mrefu kama mkono.

Asubuhi ya harusi kitambaa cha mkewe kilikuwa kimetandikwa mezani kwao, kizima. Mkewe akapitisha vidole taratibu, safu kwa safu, kisha vikasimama. “Hapa ndipo nilipoachia mimi. Kuanzia hapa kuna mtu amefunga meli!” Nyumba nzima ikapiga vigelegele. “Basi nikifumue?” mzee akauliza. “Thubutu!” akasema mkewe, na kiganja chake hakikutoka pale.

Husemwa kwamba mtu mzima hafundishiki. Mimi nimeona mtu mzima haji mikono mitupu. Huja na kazi yake ya zamani vidoleni, na anayemfundisha hana budi kuiuliza kazi hiyo kwanza. Mzee wetu hakusahau kufunga. Aliongeza kulegeza, akiwa na mvi kichwa kizima, mbele ya watu wakimcheka, akashinda.

Basi leo tafuta uzi mnene na sindano nene, ufume vitanzi kumi. Kulabu ikikataa kuingia, usivilaumu vidole vyako. Fumua, legeza mkono, uanze tena.