Vidonge Vitatu Mfukoni mwa Aproni

Nilianza kuchora chaki ukutani baada ya kushindwa mara nyingi kujua kama nimempa mwanangu dawa au nimewaza tu kumpa. Nilikuwa nasimama katikati ya chumba na kopo mkononi, nikimwona kabisa akimeza na kufuta mdomo kwa mkono wa sare, halafu najiuliza: hiyo ni leo au jana? Nikimpa tena, labda nimemzidishia. Nikiacha, labda nimemnyima. Kwa hiyo kila asubuhi mstari mmoja wa chaki, pembeni mwa mlango. Mstari upo, dawa imemezwa.

Ana miaka kumi na ana selimundu. Kidonge kimoja kila siku na maji mengi, basi. Baba yake ni dereva wa malori, ana familia nyingine Kahama. Kukumbuka ni kazi yangu peke yangu.

Nina jina la hali yangu sasa. Tulikwenda kliniki Mwanza, na daktari mmoja, binti mdogo tu, akaona nimemuuliza swali lilelile mara tatu na kadi ya mtoto nimeiacha kwenye benchi la nje. Akanipeleka kwa mwenzake. Huyo akaniuliza mengi, kisha akaandika herufi nne: ADHD. Akasema ni akili isiyotulia sehemu moja, nimezaliwa nayo, si uvivu. Nilimwambia asante, nikatoka, nikasahau mwavuli.

Aliponiuliza utotoni nilikuwaje, nilicheka. Nimekulia Nkoma. Nilikuwa natumwa kisimani, narudi na kunguru aliyevunjika bawa, ndoo nimeiacha hukohuko. Baba alisema mimi ni ndama aliyeona mvua ya kwanza. Ilikuwa kama sifa. Tulikuwa watu kumi na wanne pale nyumbani, na nilichosahau mimi kilikumbukwa na mwingine: shangazi alijua kiatu changu kiko wapi, kaka alijua kesho nina mtihani. Bado nautamani ule uwanja wa nyumbani, vumbi lake na kelele zake, kuliko mahali popote nilipofika baadaye. Na nimefika kwingi. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Geita, nikaenda Mbeya, nikakaa Tunduma. Kila mji ulipozoeleka ulianza kuniwasha mwilini. Nilirudi upande wa kwetu, hapa Bariadi, kwa sababu ya mtoto, ili tuwe karibu na hospitali.

Nauza mabeseni, ndoo na sufuria minadani. Ndiyo kazi pekee niliyoiweza, maana kila siku ni mahali pengine na watu wengine. Kwenye mnada kichwa changu kinatulia. Naweza kuongea na wateja wanne kwa pamoja nisimpoteze hata mmoja. Nikirudi nyumbani kwenye vyumba viwili na ukimya, kila kitu kinaanguka. Maharage yanaungua. Karatasi ya mwalimu naisaini, naiacha chini ya sufuria.

Siku ninayoisimulia tulikuwa mnada wa Lalago. Jua lilikuwa limeshapanda. Mama mmoja alikuwa anagonga beseni langu kwa vidole.

"Hili jembamba. Litapasuka."

"Mayu, mama yangu, hilo utamwogeshea mjukuu, utamwogeshea kitukuu."

"Kitukuu! Wewe unajua mimi nina miaka mingapi?"

"Usinitajie, nitakupandishia bei kwa heshima."

Muuza viatu wa meza ya jirani akacheka. "Mama usimsikilize huyo, dada yetu wiki iliyopita alikuja mnadani na vifuniko tu. Sufuria kazisahau Bariadi."

Kweli nilifanya hivyo. Nikacheka nao, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta chenji, na vidole vikagusa kitu kidogo, laini. Nikakitoa. Kidonge. Nikaingiza tena mkono. Viwili vingine, vimeshika nyuzi na vumbi la mfukoni.

Nilijua papo hapo. Asubuhi navaa aproni kabisa kabla ya kumwamsha, kwa sababu lori la wafanyabiashara halimsubiri mtu. Nachukua kidonge, nachora mstari kwanza nisije nikasahau kuchora, simu inalia, dereva anauliza nimefika wapi, kidonge naweka mfukoni niwe na mkono wa kufunga mizigo. Mistari ya siku hizo ilikuwepo ukutani, yote mitatu, imenyooka vizuri.

Nilikuwa bado nimeshika vile vidonge simu ilipoita. Mwalimu wake.

"Mzazi, mtoto analia miguu na mgongo. Tunampeleka hospitali. Njoo."

Sikumbuki nilimwambia nini muuza viatu. Nakumbuka bodaboda, upepo, na mimi nahesabu: juzi, jana, leo. Juzi, jana, leo.

Nilimkuta kitandani ana dripu, amejikunja, midomo imekauka. Hakuwa analia tena. Selimundu ikishika sana, mtoto anaacha kulia, anabana meno tu. Nilimwambia nesi kila kitu, nikamwonyesha vidonge kiganjani kama mwizi aliyeamua kurudisha mali. Aliviangalia.

"Chupa ya maji alibeba shuleni?"

Nikafikiri. Chupa ilikuwa dirishani. Niliiona dirishani wakati naondoka, nikasema moyoni, chupa hiyo.

"Siwezi kukuambia ni vidonge au ni maji au ni baridi ya asubuhi," nesi akasema. "Inaweza kuja hata ukifanya yote." Alisema kwa upole. Ningefurahi kama angenigombeza.

Mama yangu alifika mchana wa siku ya pili kutoka Migato, alikohamia kwa mdogo wake baada ya baba kufariki. Alikuwa na maziwa kwenye chupa na kanga begani. Akasalimia wodi nzima, "Mwadila," kitanda kwa kitanda, kisha akakaa kando yangu.

"Mayu, mwanangu, huyu nampeleka kwangu."

"Migato hakuna hospitali kama hii, mama."

"Hospitali inatibu. Kukumbushana ni nyumbani. Mimi ng'ombe wangu nimewakamua saa ileile tangu hujazaliwa wewe."

"Na akizidiwa huko? Utasema ni mizimu inamdai?"

Akaniangalia sana. "Nitasema hivyo nikiwa juu ya pikipiki, namleta kwako."

Nilikataa. Nilisema nitanunua saa ya kengele, nitaacha minada, nitafungua kibanda sokoni nikae sehemu moja. Nilisema hayo nikijua kibanda kitanimaliza. Lakini ni mwanangu, na bila yeye sikuwa na sababu ya kukaa mji wowote.  Mama alimnywesha mtoto maziwa, kijiko kimoja kimoja.

Ndipo mtoto akafumbua macho, akanitafuta.

"Mama. Mabeseni umemwachia nani?"

"Yapo, mwanangu. Lala."

"Ulifunga turubai? Jana uliniambia nikukumbushe turubai. Na gesi? Asubuhi ileile hukuzima, nilizima mimi." Akameza mate kwa shida. "Na keshokutwa ni siku ya mchango wa maji, mwenye nyumba alisema. Usisahau, mimi nikiwa huku."

Maumivu yalikuwa yanampiga wakati anasema, nilikuwa naona mguu wake ukitetemeka chini ya shuka. Alikuwa ameyapanga yote hayo kichwani akiwa na dripu mkononi, akisubiri apate nguvu aniambie. Nilidhani mimi ndiye ninayebeba nyumba na kuangusha vitu. Yeye alikuwa anatembea nyuma yangu, anaokota vyangu, na vyake mwenyewe vinabaki chini.

Mama alikuwa ameacha kijiko hewani. 

Nikamwelekeza mama dawa palepale. Kidonge kimoja, baada ya uji, maji vikombe vingapi, asikae kwenye baridi, homa ikipanda asingoje. Nilisema mara moja tu. Alirudia yote, kwa mpangilio uleule, hakuacha hata kimoja. Nilikuwa namsikiliza na roho inaniuma kwa wivu.

Waliondoka wiki hiyo. Daktari aliruhusu, kwa sharti arudi kliniki kila mwezi. Nilibaki na vyumba viwili. Siku ya tatu nikaenda mnadani bila ufunguo wa kufuli la mizigo. Siku ya nne gesi ilikwisha ikiwaka yenyewe, hakuna chochote jikoni.

Jumapili alasiri simu ikaita. Alikuwa ni yeye, sauti imerudi. Alisema bibi anampa kidonge jogoo akiwa bado hajanyamaza, na maji anamwekea kwenye kibuyu chake mwenyewe, na kuna ndama amezaliwa, mweupe, ana doa jicho moja, hawezi kusimama vizuri, anaanguka kila akijaribu, mama ungemwona. Alicheka. Nilisubiri. Nilikuwa na mambo matano yamenipotea toka asubuhi na nilikuwa na hakika ataniuliza angalau moja.

"Haya mama, nakwenda, ndama anatoka," akasema, akakata simu.

Nilikaa nimeishika simu sikioni.