Chama cha Kupinga Mnara wa Mchanga

Jirani yangu hapa Hietajoki, kijiji chetu cha kaskazini ya mbali, Ahti Kuoppala, aliendesha lori la magogo mpaka alipostaafu, na tangu hapo akabaki na kazi moja tu: kupasua kuni. Alizipanga ukutani zikazunguka nyumba, zikaziba hadi dirisha la jikoni. Mkewe, Sylvi, akawa anapika kwa taa mchana, tena kiangazi, wakati jua la huku linasahau hata kuzama.

Halmashauri ilipotangaza mnara wa mchanga, Ahti alitangulia mkutanoni. Diwani Tellervo Mäntysalo akaeleza taratibu: umeme wa upepo kutoka kilimani na ule wa paneli za sola utapasha moto mchanga ndani ya mnara, na upepo ukitulia na jua likijificha, joto la mchanga litapasha maji yaendayo majumbani kwa mabomba.

"Mchanga!" Ahti akasimama. "Babu zetu wameishi juu ya mchanga, na wote wamekufa wakitetemeka!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Akapata moto zaidi. "Na upepo ukikata?"

"Ndiyo maana tunaweka mchanga, Mzee Kuoppala."

"Na mchanga ukipoa?"

"Upepo utakuwa umesharudi."

"Mmeona? Hana jibu," Ahti akasema, akaketi kama mshindi.

Mnara ukajengwa. Ahti akaunda chama cha kuupinga: yeye mwenyekiti, Urpo katibu, na Kalervo aliyefuata maandazi. Kikao cha kwanza kilifanyika kwa Ahti, lakini Sylvi akawatimua kwa sababu ya viatu vyao vilivyojaa theluji. Wakahamia maktaba, ambako joto la mnara lilikuwa limeshafika. Walivua makoti, wakavua masweta, wakaulaani mnara huku wakijipepea kwa magazeti.

Januari mgongo ukamkamata Ahti shoka likiwa hewani. Akalazwa kwenye kochi, akawa anatoa amri tu. Sylvi, mwenye miaka sabini na ushei, ndiye aliyebeba kuni kwenye theluji ya magotini.

"Za kushoto usiguse, bado mbichi!"

Sylvi akatua kikapu. "Ahti, nakupenda. Ila kesho nahamia kwa dada yangu. Kwake kuna bomba la mnara. Ukipona, nipigie."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha. Ahti akaitazama mikono ya mkewe, imepasuka kwa baridi, akaona aibu ambayo hakuweza kuitamka. Badala yake akampigia simu Jouko, fundi bomba. "Njoo na gari lisilo na maandishi," akanong'ona.

Jouko akaja na gari lake la kila siku, lenye picha ya bomba kubwa jekundu. Alikuwa anatoboa ukuta wakati Urpo na Kalervo walipoingia kumjulia hali mgonjwa.

"Ni kwa ajili ya Sylvi," Ahti akawahi kusema. "Mifupa yake."

"Mifupa yangu mizima!" Sylvi akajibu kutoka jikoni.

"Msaliti!" Urpo akafoka. "Mwenyekiti mzima!"

Jouko akageuka. "Ah, Mzee Urpo! Lile bomba la joto nililokuwekea nyuma ya kabati, bado linavuja?"

Kalervo alicheka mpaka akapaliwa.

Asubuhi ya kwanza Ahti aliamka kabla ya mapambazuko kuwasha jiko, kama alivyozoea maisha yake yote, akakuta nyumba imeshapata joto. Akasimama sebuleni asijue mikono aiweke wapi, mnyonge kama mtu aliyeachishwa kazi. Mwishowe akachemsha kahawa, akampelekea Sylvi kitandani.

"Una nini wewe? Homa?"

"Kunywa, mke wangu."

Chama hakikufa. Hukutana kwa Ahti sasa, wote pekupeku. Juzi diwani alitangaza kwamba mabomba yataongezwa hadi kijiji jirani cha Yläkylä. Kikaoni Ahti akagonga meza.

"Haiwezekani! Watu wale walitucheka tulipojenga mnara. Leo wanataka joto letu?"

Azimio la kuwanyima likapita bila kupingwa.