Mafundo Saba Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Mimi si mkulima. Kwetu Ng'ambo, mtaani Unguja, maua yalijiotea yenyewe nyuma ya jiko, yakimwagiwa maji ya kuoshea mchele, na hakuna aliyeyauliza hali. Lakini nilipohamia London, miaka michache baada ya mapinduzi, mama alinichimbulia kipande cha tunguu, ule mzizi mnene wa yale maua mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba, akakifunga kwenye kanga. Baadaye akafariki, nami sikuweza kwenda kumzika. Basi yale maua ndiyo mama niliyebaki naye.

Baridi ya kwanza ya Kilburn, mtaa wetu wa London, nusura iyamalize. Jirani yangu, mzee mmoja wa Kiingereza, akanionea huruma: yachimbue kabla ya theluji, yafunge magazeti, yaweke pakavu penye ubaridi, na tone la maji usiyape mpaka Machi. Nikashika amri. Mwaka wa kisa hiki yalikuwa yameshazaana, matunguu saba. Kila moja nikalifunga gazeti, nikalitia katika soksi kuukuu ya mume wangu, nikapiga fundo. Zote nikazipanga katika boksi, likaenda chini ya kitanda cha chumba kidogo.

Mara mama mkwe akaja kutoka Unguja kututembelea, miezi mitatu, tena ya baridi. Chumba kilikuwa hicho hicho.

"Mwanangu, hii hita mbona haiwaki?"

"Mbovu, mama," nikasema.

Mungu anisamehe, ilikuwa nzima kabisa. Lakini joto lingeyaharibu matunguu yangu. Nikamrundikia mablanketi manne, nikajiona mkarimu.

Haikupita wiki, akaanza kuniangalia kwa jicho la upembe. Chai nikimpa, hanywi. "Tangulia wewe, mwanangu." Nikatangulia. Nikasema moyoni, uzee huo. Kisha akamwagiza mwanawe zafarani na sahani nyeupe, akawa anaandika aya za Kurani na kuziosha kwa maji, anatengeneza kombe. Mume wangu akaniambia ni la kifua. Na kweli alikuwa akikohoa, masikini.

Februari nikasikia harufu. Nikaingia chumbani, nikalivuta boksi. Loo! Soksi zimelowa chapachapa, manjano tupu. Nikafungua ya kwanza, uji. Ya pili, uji. Mpaka ya sita, zote zimeoza. Nikapiga ukelele, na mama mkwe akatokea mlangoni, bakuli la kombe mkononi.

"Mama! Umeyamwagia maji?"

"Kila alfajiri! Na nikuulize wewe: mafundo saba chini ya kitanda changu, tena kwa soksi za mwanangu! Tangu nifike natetemeka kama kifaranga. Unataka nife, au unataka nirudi kwetu? Sema!"

"Ni maua, mama!"

"Ewe, maua gani yanavishwa soksi?"

Hasira zilinipanda mpaka ulimi ukateleza. "Ndiyo maana hita nimeizima! Kwa ajili ya maua hayo!"

Akaliweka bakuli chini.

"Kumbe hita nzima? Nimegandishwa mie, mtu mzima, kwa ajili ya maua?"

"Ni ya mama yangu," nikasema, na hapo kilio kikanitoka, kile cha kwikwi. "Ndicho kitu chake pekee nilichonacho."

Aliinama kwa tabu, magoti yakilia, akaifungua soksi ya saba mwenyewe. Lile la saba lilikuwa gumu, na ubavuni limetoa chipukizi jekundu, dogo kuliko ukucha. Akaligeuza geuza, akalinusa.

"Mama yako kafariki lini?"

"Mwaka wa tano huu."

"Kurani ya hitima yake ulisoma na nani?"

"Na nani, mama? Hapa?"

Alikaa kitandani, akavuta mtandio kichwani, akalipakata lile tunguu. Akapapasa godoro ubavuni pake.

"Kaa hapa, mwanangu. Tuanze."